Aliyeitika Upesi Kuliko Wote

Kompyuta ya zamani iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa ina harufu yake. Ni vumbi linalopata moto ndani, na plastiki iliyozeeka, na kitu kingine ambacho sijawahi kukipatia jina. Niliinusa tena juzi juzi katika nyumba ya baba pale Bombambili, waombolezaji walipokwisha kuondoka na turubai limekunjwa uwanjani. Baba tulimzika Mpitimbi, karibu na mama, kama alivyotaka mwenyewe. Ndugu zake waliokuja kutoka Singida walinung'unika kidogo, maana kwao mwanamume hazikwi ukweni, lakini mwishowe walikubali, wakapanda basi wakarudi. Mimi nikabaki peke yangu na nyumba. Ilikuwa kimya mno kwa kweli, na nikabonyeza ile swichi ya mashine yake ya kale ili tu kitu kingine kipumue humo ndani.

Ikawaka. Feni ikakohoa, harufu ikanifikia, na kwenye skrini nyeusi kikatokea kile kijiti cheupe kinachowaka na kuzima, kinachosubiri uandike. Mtu mzima mwenye kazi na madeni ya rambirambi alitoweka pale pale. Kwenye kiti akabaki mtoto wa darasa la tatu ambaye miguu yake haifiki sakafuni.

Baba alikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi moja ya serikali mjini. Mashine hiyo ilikuwa imetupwa na ofisi kwa sababu imechoka, akaiomba, akaileta nyumbani nyuma ya baiskeli imefungwa kwa mpira na kufunikwa kanga ya mama. Haikuwa na nguvu ya kuonyesha picha. Haikuwa na kipanya. Baba aliiwekea programu ya skrini nyeusi tupu, na ukitaka ifanye jambo unaiandikia amri kwa herufi, neno kwa neno, halafu unabonyeza Enter na kusubiri. Kwa baba hilo halikuwa upungufu. Alifanya humo shughuli zake zote za kila siku. Alipiga chapa mitihani ya walimu, alijumlisha mahesabu ya nyumba, alipiga nyimbo za kwaya, na aliandika neno moja tu ikamtolea kalenda ya mwaka mzima. Mama Hilda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akija kuuliza Pasaka itaangukia lini. Baba anaandika, mashine inajibu, naye mama Hilda anasema, "Haya, tutasikia na padri atasemaje," kisha anakwenda kuuliza parokiani. Tarehe zilifanana kila mara, na kila mwaka alikwenda kuuliza tena.

Watoto wenzangu waliposikia kwetu kuna kompyuta walijaa sebuleni kama wamealikwa. Hilda mwenyewe ndiye aliyekaa mbele.

"Katuni ziko wapi?" akauliza.

"Hakuna katuni."

"Gemu je?"

"Hakuna."

Akaiangalia ile skrini, akaniangalia mimi. "Sasa hii si imekufa? Inaonyesha giza tu."

Wakaondoka wote kwenda kuokota matunda ya masuku, na habari ikaenea mtaani kwamba kompyuta ya kina Rehema ni maiti. Hawakurudi tena. Nilijifanya sijali, na mpaka leo nikijifanya sijali jambo huwa napandisha kidevu vile vile. Lakini niliumia, kwa sababu wakati huo nilihitaji sana watu wa kukaa nami. Mama alikuwa amesafiri.

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mama alikuwa ameugua, akapelekwa hospitali, na asubuhi moja mama Hilda alinishika mkono akanipeleka kwake, akanipa soda nzima na maandazi siku isiyo ya sikukuu. Nilisikia watu wengi kwetu. Nilisikia wakiimba. Nilipouliza nikaambiwa mama amesafiri. Nilipouliza wapi nikaambiwa mbali, na nilipouliza atarudi lini nikaongezewa andazi. Wakubwa walikuwa wamekaa wakakubaliana kwamba mtoto asiambiwe, kwamba atasumbuka bure, akikua atajua mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa, na waliofanya hivyo walikuwa watu wenye huruma. Nawaambia wenzangu wa rika langu, ambao wengi wenu mmewahi kupewa soda ya namna hiyo: mimi sina kinyongo nao, ila ile soda sijaisahau.

Niliporudishwa nyumbani nilikuta imefagiwa sana, na mlango wa stoo una kufuli jipya. Leo najua ni la nini. Vitu vya marehemu hukusanywa na kufungiwa mahali pamoja, wala haviguswi, mpaka siku ndugu watakapokutana kuvigawa. Wakati ule nilichojua ni kwamba stoo yetu haijawahi kuwa na kufuli, na kwamba baba akipita pale hageuzi shingo.

Baba hakuwa msemaji hata kabla ya hapo. Sasa akawa mtu wa kurudi kazini, kupika ugali na dagaa wa Nyasa, kunipakulia, na kuhamia mbele ya mashine. Kulikuwa na waya wa simu uliotoka ukutani, na kwa waya huo aliweza kuifikia ofisi, na kupitia ofisi kuifikia mashine kubwa iliyokuwa Dar es Salaam. Ilikuwa ni kazi yake kuhakikisha njia haijakatika. Jioni moja nilisogeza kigoda nikakaa ubavuni mwake, nikaona anaandika neno moja fupi, "ping", na mbele yake jina, kisha mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, taratibu.

"Unafanya nini, baba?"

"Naita."

"Unamwita nani?"

"Mashine ya Dar. Nikiita, inaitika. Kila mstari huu ni kuitika kwake."

"Na isipoitika?"

"Basi kuna tatizo."

Nikamwuliza zile namba za mwisho wa mstari ni za nini. Akafurahi kuulizwa, niliona. Akanieleza kwamba huo ni muda ambao wito umetumia kwenda na jibu kurudi. Namba ikiwa kubwa, aliyeitwa yuko mbali. Ikiwa ndogo, yuko karibu. Akaita Dar nikaona namba kubwa ya mamia mengi. Akaita ofisini kwake, pale mjini, ikapungua sana. "Umeona?" akasema. "Hata bila kutoka nje unajua nani yuko karibu nawe." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia tangu mama asafiri.

Nadhani mnaona nilikokuwa naelekea. Mama yangu alikuwa mkali kwa jambo moja kuliko yote, nalo ni kuitika. Akiita "Rehema!" nami nikanyamaza kwa sababu ya mchezo, nilichapwa. Nilitakiwa kusema "Abee, mama" kwa sauti ya kusikika, popote nilipo, hata chooni. "Mtu akiita, itika," alikuwa akisema, "usimwache mwenzio na sauti yake." Basi nilijua bila shaka yoyote kwamba mtu kama huyo, akiitwa kwa chombo kinachofika hadi Dar es Salaam, hawezi kukaa kimya. Kama hajarudi ni kwa sababu hakuna aliyemwita sawasawa.

Siku iliyofuata nilitoka shule, nikavua ufunguo wa nyumba shingoni, nikaiwasha mashine. Umeme ulikuwepo. Nikaandika ile amri herufi moja moja, nikaacha nafasi, nikaandika "mama". Jibu lilikuja upesi sana, maneno machache ya Kiingereza, halafu kile kijiti kikarudi kuwaka na kuzima. Nikajaribu tena kwa herufi kubwa. Nikajaribu kwa jina lake la ubatizo. Jibu likawa lile lile. Sikuzima mashine, nikaacha vile vile mpaka baba aliporudi.

"Imesema nini hapa?"

Alikuwa hajavua hata koti. Aliinama akasoma mistari yote, ule wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Imesema hajulikani," alisema.

"Nani hajulikani?"

"Yeye. Yaani mashine haina habari zake. Haijui alipo."

"Wewe unajua?"

Akachukua kitambaa akaanza kupangusa skrini, ambayo haikuwa na vumbi. "Najua," akasema.

"Ni mbali kuliko Dar?"

"Kanawe mikono, Rehema. Tule."

Nikanawa, tukala. Lakini niliumwa na lile neno. Hajulikani! Mama aliyekuwa akisalimiwa na kila mtu kutoka Bombambili mpaka sokoni, mama aliyekuwa akikumbuka majina ya watoto wa watu! Nililala nimeikasirikia mashine, na asubuhi nilikwenda shule bila kuiaga, maana nilikuwa na tabia ya kuiaga.

Mchana nilirudi na hasira yangu ikiwa imepungua. Nikawasha, nikaandika tena amri ile ile kwa jina lile lile, zaidi kwa uchungu kuliko kwa matumaini. Mstari ukashuka. Ukafuatwa na mwingine, na mwingine, na mwingine.

Mama ameitika.

Sijui nilipiga kelele au sikupiga. Najua nilisema "Abee, mama!" kwa sauti kubwa, ingawa mimi ndiye niliyeita, kwa sababu lile ndilo neno pekee lililokuja. Mistari iliendelea. Baba alikuwa amenifundisha namna ya kuikatisha, lakini sikukatisha, ingekuwa utovu wa adabu. Ndipo nikakumbuka kuangalia namba. Mwisho wa kila mstari kulikuwa na sifuri, halafu nukta, halafu sifuri nyingine na tarakimu ndogo. Sifuri nilikuwa naifahamu vizuri, nilikuwa nimezipata kadhaa katika hesabu. Sifuri ni hakuna. Kati yangu na mama hakukuwa na umbali wowote. Alikuwa karibu kuliko ofisi ya baba, karibu kuliko sokoni, karibu kuliko kwa mama Hilda. Alikuwa humu ndani.

Niliinama chini ya vitanda vyote viwili. Nilitazama nyuma ya mlango wa chumba chao, nikaenda bafuni, nikaenda jikoni nikafunua hata pipa la maji. Halafu nikasimama katika ukumbi, mbele ya stoo, nikaliangalia lile kufuli jipya, na kila kitu kikaeleweka kwa mkupuo. Ndiyo maana baba hapaangalii. Ndiyo maana alisema anajua alipo. Mama ni mgonjwa, nikawaza, amefungiwa apumzike, asiguswe na mtoto mwenye kelele. Nikamchukia baba kwa hilo, nikampenda pia, kwa kuwa hakuruhusu aende mbali.

Niliweka mdomo kwenye ufa wa mlango. "Mama, shikamoo." Kimya. Sebuleni mashine iliendelea kuitikia, kwa hiyo nilijua kwamba anasikia ila hana nguvu ya kutoa sauti. Mgonjwa anahitaji kula. Kulikuwa na kande la asubuhi kwenye sufuria, limepoa. Nikapakua kwenye sahani, nikalala kifudifudi, na kwa kuwa sahani haikuweza kupita chini ya mlango nikaanza kupitisha punje. Hindi moja, haragwe moja, nalisukuma kwa kidole mpaka kidole kikome. Nilikuwa namsimulia huku nikimlisha. Nilimwambia kwamba Hilda ameiita kompyuta maiti. Nilimwambia baba anaunguza ugali. Nilimwambia nimenyolewa vibaya.

"We mtoto! Unafanya nini hapo chini?"

Mama Hilda alikuwa ameingia na kisahani cha chumvi aliyoazima. Nikamwambia, bila kuinuka, "Namlisha mama."

Alikiweka kile kisahani sakafuni pole pole, akatoka. Nikasikia akimwita kijana wa baiskeli barabarani amfuate baba kazini, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Baba alifika na shati limetoka nje ya suruali. Mama Hilda alisimama mlangoni, hakuingia. Baba akanikuta pale pale, akaliona lile kande, akakaa sakafuni pembeni yangu na viatu vyake vya kazini.

"Nani kakwambia mama yumo humu?"

"Mashine. Nimemwita ameitika. Ni sifuri, baba. Kaangalie."

Hakwenda kuangalia. Alikuwa anaisikia feni kutoka pale tulipokaa. Alifunika uso kwa viganja akakaa hivyo, na mimi nilifikiri ameona aibu kwa kugunduliwa. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akainuka, akafungua.

Mama hakuwemo. Kulikuwa na godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba. Kulikuwa na mabeseni, na mabegi mawili ya nguo, na ndala zake zimewekwa pamoja kama za mtu aliyeingia msikitini au aliyelala. Harufu ya mafuta yake ya nywele ilitoka ikatukuta pale mlangoni. Sakafuni, mbele ya miguu yetu, zilikuwa zile punje za kande, zote, hakuna iliyoliwa.

"Rehema," baba alisema, "mama hakusafiri. Mama amekufa. Tumemzika kwao Mpitimbi, siku ile ulipokuwa kwa mama Hilda."

Nikamwuliza swali ambalo mtoto mwingine labda asingeuliza. "Sasa aliyeitika ni nani?"

"Ni mashine yenyewe." "Kuna faili la majina na anwani. Nimeandika jina la mama kwenye anwani ya mashine yetu hii hii. Ukimwita mama, mashine inajiita, halafu inajiitikia."

"Kwa nini uliandika?"

Baba alichuchumaa akaanza kuokota lile kande, punje moja moja, akiziweka kwenye kiganja. Alikuwa na vidole vinene na punje zilimponyoka.

"Sikupenda iseme hajulikani," alisema.

Hapo ndipo nililia, na baba akalia nami. Mama Hilda naye akaingia, akatushika wote wawili, akawa anasema, "Nilisema mimi, nilisema mtoto aambiwe," ingawa nakumbuka vizuri kwamba hakuwa amesema hivyo. Giza lilipoanza kuingia baba aliniuliza kama alifute lile jina. Nikamwambia asilifute. Akaikatisha tu ile mistari, akaniacha niangalie mstari wa mwisho, kisha akazima mashine kwa siku hiyo.

Jumapili tulikwenda Mpitimbi. Nikaliona kaburi, udongo wake mwekundu ulikuwa bado haujatulia. Nikasema shikamoo, nikasubiri muda unaotosha mtu kusema marahaba, na baba akanisubiri bila kunivuta mkono. Baadaye wajomba walikuja wakagawa vitu. Nilipewa kanga ile iliyofunika kompyuta ilipoletwa, kufuli likaondolewa, stoo ikarudi kuwa ya magunia ya mahindi. Mimi na baba tuliendelea kukaa jioni kwenye ile skrini nyeusi, na alinifundisha kila alichokijua: kunakili, kuhamisha, kutafuta kilichopotea. Leo nafanya kazi hiyo hiyo huko Dodoma. Vijana wa ofisini wananicheka ninavyoandika amri badala ya kubonyeza picha. Nawaacha wacheke. Sijawahi kuwaeleza kwamba kwenye kila kompyuta niliyowahi kupewa, kabla ya jambo jingine lolote, naandika jina la mama kwenye anwani ile ile.

Basi juzi, katika nyumba tupu, nililifungua lile faili la baba. Mstari ulikuwepo kama alivyouacha, ile anwani ambayo maana yake ni hapa hapa, na jina la mama mbele yake. Anwani moja inaruhusiwa kubeba majina zaidi ya moja. Nikaacha nafasi, nikaandika "baba", nikahifadhi. Halafu nikamwita.

Aliitika. Sifuri, nukta, sifuri. Mistari ikashuka, nami nikakaa naitazama kwa muda mrefu. Ninajua kabisa ni nani anayeitika. Nimejua tangu nina umri wa miguu kutofika sakafuni, nami ndiye niliyeandika. Nilijisikia mpweke kuliko nilivyowahi kujisikia maishani, na sikutaka kuikatisha.

Vitu vya baba viko stoo. Shangazi ndiye aliyevifungia kabla hajapanda basi, koti la baba, redio, viatu vya kazini, kila kitu, mpaka ndugu wakutane kugawa, na ufunguo akaniachia mimi. Nilikuwa nao mfukoni. Niliinuka, nikaiacha mashine ikiendelea kuitika sebuleni, nikaenda mpaka kwenye ule mlango, nikapiga hodi.